Maji ya Kwanza Humwagwa

Hasira hazijaniisha, ila nimekosa pa kuzipeleka. Mimi na Mutua tulikuwa tukitengeneza mchezo wa simu: msichana anachimba maji ya mto unaolala chini ya mchanga. Mutua aliandika programu, mimi hadithi. Mara tatu nilimfanya aivunje kazi yake aanze upya. Mwisho nikafuta hatua ya kumwaga maji ya kwanza, yale ya tope, na kungoja yaliyo safi.

“Inachosha,” nilisema. “Mambo ya mto niachie mimi.”

Jumapili, baada ya ibada Kasikeu, tuliuonyesha kwa vijana. Wakiupenda, tungeutoa wiki hiyo. Shangazi Syombua akaomba simu. Akachimba, akamwaga, akangoja. Msichana akafa kwa kiu. Akarudia vilevile, akafa tena.

“Shangazi, unatuharibia mchezo! Si umpe anywe!” nilimwambia.

“Anywe matope?”

“Ndivyo watu huchota mtoni!” nilifoka.

Shangazi akanirudishia simu taratibu.

“Kamene, wewe umelelewa Kitui mjini, ukinywa maji ya mfereji. Ulipokuja likizo huku, mtoni ulifika mgongoni mwangu, unalia ati mchanga unakuchoma miguu.”