Goti la Mzee wa Kulamawe

Juzi nilikuwa hospitalini hapa Isiolo nikingoja dawa, karibu na chumba ambamo watafiti wanapiga picha za magoti. Wanataka kuona gegedu, ule utando unaozuia mifupa ya goti isisagane. Mzee mmoja wa Kulamawe alitoka humo akichechemea, ameegemea bega la mkewe. Tangu goti lianze kumuuma, mama huyo ndiye anayepeleka mbuzi wao kisimani.

Daktari kijana akawafuata na picha. "Mzee, gegedu yako iko sawa kabisa. Ni kama ya kijana."

Mzee akaiangalia picha, akakunja uso.

"Labda mlipiga goti lile lingine," akasema kwa upole.

"Tulipiga yote mawili, mzee."

 Mama akaliondoa bega lake polepole, na mzee akabaki amesimama wima bila shida.

"Daktari, naomba hiyo picha," mama akasema. "Nataka kuwaonyesha mbuzi."

Nasikia utafiti bado unaendelea. Wanaume wenzangu, tukiugua tena, tuchague ugonjwa usiopigwa picha.