Uso wa Fundi Simu

Kwa mara ya nne wiki ile, mjane wa fundi simu alikaa kwenye benchi la ofisi ya upelelezi, miguu imemvimba. Hata mwezi haujaisha tangu wamzike mumewe, na kibanda kilicholisha nyumba kilikuwa kimefungwa kwa amri ya polisi.

"Shemeji, sema si yeye," mdogo wa marehemu alimnong'oneza. "Kitambulisho kiliibwa, basi. Wafungue kibanda."

"Nimkane kaka yako?"

"Hatakasirika. Alipokuwa hai hakukasirika, sembuse sasa."

Mjane alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Ndani, mpelelezi alimpa pole, kisha akageuza kompyuta.

"Mama, akaunti hii ya sarafu za mtandaoni ilipokea pesa walizoibiwa watu. Zikageuzwa sarafu, zikarushwa huku na huku hadi zikaonekana safi. Kitambulisho ni cha mumeo, ila huenda kiliibwa. Huyu ni yeye?"

Kwenye video ya kuthibitisha uso wa mwenye akaunti, mumewe aligeuka kulia, akageuka kushoto, akapepesa macho mara mbili, mtiifu kama mgonjwa mbele ya daktari. Humo alikuwa hai. Mjane alishika ukingo wa meza.

Alijua ilivyoanza. Wazee wenye mtoto wa jicho walitumiwa sarafu na watoto wao walio mbali, lakini simu ziliwakataa: hawakuweza kuona maagizo ya kugeuka na kupepesa macho. Fundi akawafungulia akaunti kwa kitambulisho chake na uso wake. "Uso wenyewe huu, nani atauiba?" alitania. Mkewe alimgombeza mpaka akachoka. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye bandeji jichoni. Fundi hakumuuliza kitu. Alimpa pole, akamfungulia.

"Ndiye," mjane alisema.

"Una hakika? Kibanda kitabaki kimefungwa mpaka uchunguzi uishe."

"Siwezi kumuapia Mungu uongo. Ila andika kwamba alikuwa akiwasaidia wasioona vizuri. Na kuna bwana mmoja wa bandeji jichoni aliyemfungulia akaunti, mwandike pia."

"Nitaandika, mama. Kama wakubwa watasoma, sijui."

Mjane alisoma maelezo yote pole pole, mstari kwa mstari, ndipo akatia sahihi.

Nje, shemeji alimtazama usoni, akaelewa. Akampokea mkoba.

"Haya, twende. Ya kula nitatafuta mimi," alisema, ingawa wote wawili walijua hana kazi tangu mwaka juzi.