Tumbo Walilolipigia Vigelegele

Nakumbuka siku ile mama mkwe wangu aliposhuka garimoshi hapa Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa enzi zile, samaki wakavu kichwani, kitenge kipya cha kubebea mtoto mkononi. Lakini, mwanangu unayenisikiliza, mtoto mwenyewe hakuwepo tumboni.

Mwaka uliotangulia nilikutwa na kansa ya shingo ya kizazi. Madaktari waliondoa kizazi chote, wakaniachia kifuko kimoja cha mayai kwa sababu nilikuwa bado kijana. Walinisihi nirudi kila baada ya miezi mitatu waniangalie. Nilirudi mara moja tu. Nilijiona nimepona, eti nirudi kufanya nini? Tena kwetu, kwenye kambi ya wachimba shaba, mwanamke asiye na kizazi alikuwa kicheko cha wanawake wanaoteka maji bombani. Mimi na mume wangu tukaficha.

Kisha tumbo likaanza kuvimba. Majirani wakapiga vigelegele: "Mungu amejibu!" Nami, mjinga mkubwa, nikaitikia asante. Mume wangu aliniomba niende hospitali, nikamnyamazisha. Habari ikafika mpaka kwa mama yake.

Basi mama mkwe akafika, akanitandikia kile kitenge mapajani. Machozi yakanitoka, nikamweleza yote, nikangoja matusi. Akanikazia macho, akanikemea kwa Kiswahili chake:

"We mutoto! Unapenda batu bakucheke ao bakulilie? Nilikuya kuona weye, hapana kuona tumbo. Simama, twende ku hopitali!"

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kansa ilikuwa imehamia kwenye kile kifuko nilichoachiwa. Daktari alinigombeza, na nilistahili. Wakanipasua tena, wakakitoa. Nikapona, mwanangu! Nikapona kabisa!

Siku ya kutoka, mama alinifunika kile kitenge mabegani. "Mutoto niliyekuya kubeba ni weye," akasema. Tukapita bombani mchana kweupe, yeye akipaza sauti: "Mukwe wangu hana kizazi, na kansere imeshindwa! Nani anacheka?" Hakucheka mtu. Jioni wanawake wawili walikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, daktari yule anapatikana siku gani.

Leo kichwa changu ni mvi tupu, na kitenge kile ninacho.

Mwanangu, ukipewa siku ya kurudi kwa daktari, rudi, hata ukijisikia mzima kama ng'ombe. Uvimbe usiupe jina zuri ili watu wafurahi. Na ukimwona mwenzako anaficha, mshike mkono kwanza. Mungu akupe miaka mingi, na akupe mtu wa kukugombeza kwa mapendo.