Albamu Iliyozeekea Kihesa

Mume wangu alikuwa bwana afya siku za kazi na mwimbaji wa roki siku ya Jumapili. Katikati ya wiki alizunguka Iringa na baiskeli ya serikali akikagua mabucha, vyoo na mahoteli, na watu wakimwona kwa mbali walianza kufagia. Jumapili mchana watu wale wale walilipa kiingilio kwenda kwenye dansi la bugi, wakamsikiliza akipiga mayowe kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa vizuri, yeye mwenyewe akiwemo. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Suruali zote za bendi, zile pekosi pana zilizofagia vumbi la mji mzima, zilitoka mikononi mwangu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wanaume wakisimulia habari za bendi yao huwa wanadhani suruali zilijishona.

Bendi yenyewe ilikuwa ya vijana ambao hawakuwa vijana tena. Walianza walipomaliza shule, wakiiga nyimbo za bendi moja ya Uingereza, wanaume wanne wenye nywele ndefu, ambao santuri zao zilitufikia kwa mikono ya madereva wa malori ya Zambia. Vijana wa Zambia walikuwa na wazimu wa magitaa kuliko sisi, na walichokichoka wao kilivuka Tunduma kikaja kwetu kama kitu kipya. Mume wangu aliziimba nyimbo zile zote. Sauti yake ya ujana ilikuwa kali na ya juu, akifanya mazoezi nyumbani kwetu Kihesa mbwa wa jirani walimjibu. Niliipenda sauti ile kabla sijampenda mwenye nayo, sioni haya kusema. Lakini mtu akishavuka thelathini, ana watoto, na kutwa anabishana na wenye mabucha, koo nalo linachoka. Kule juu kabisa ilianza kumkatika. Akifika kwenye sehemu ngumu alikuwa anageuzia watazamaji kipaza sauti, eti anawakaribisha waimbe. Watu walifurahi. Mimi nilijua anajificha.

Kiongozi wa bendi naye alijua. Yeye ndiye aliyepiga gitaa la solo, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu wakiwa wanashiriki dawati moja. Siku moja alikuja kwangu na kitambaa cha buluu kinachometameta.

"Shemeji, nishonee shati la mwimbaji. Tumealikwa Mbeya."

Nikatwaa futi yangu, nikamwambia vipimo vya mwimbaji ninavyo kichwani. Akasema hapana, vipimo amekuja navyo. Akanitajia bega jembamba na mikono mirefu. Nikamwuliza mwimbaji gani huyu aliyekonda ghafla hivi, wakati mimi ndiye ninayempikia.

Akaanza kuiangalia pasi yangu ya mkaa kana kwamba hajawahi kuona pasi. "Ni yule mwalimu mpya, shemeji. Yule kijana. Sauti anayo. Kaka tutabaki naye, hatuwezi kumtupa. Atapiga manyanga."

"Manyanga?"

"Mbeya siyo hapa. Kule santuri zinafika kila mara. Tukiaibika pale hatuitwi tena, na bendi ndiyo imekwisha."

Aliniomba ninyamaze, atamwambia mwenyewe. Mimi si mtu wa kukaa na neno kama hilo. Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia kabla hajavua kofia. Akanawa mikono, akakaa kwenye chakula. Kisha akasema, "Manyanga nayo ni chombo." Ugali hakuumaliza. Niliumia kuliko kama angepiga meza, na kitambaa kile cha buluu nikakisukuma chini kabisa ya kapu la kazi.

Albamu ilitufikia katika siku hizo hizo. Ilikuwa mpya kabisa, na ilikuja baada ya kimya kirefu cha wale Waingereza. Tulikuwa tumeshasikia kwamba wamegombana, kwamba mmoja amerudi shambani kufuga kondoo, kwamba hawatarekodi tena. Dereva mmoja, mtoto wa mjomba wangu, akaitoa chini ya kiti cha lori, imefungwa kwenye gunia. Bendi nzima ilikusanyika sebuleni kwetu. Kwanza tulikaa na jalada. Kwenye majalada ya zamani walikuwa wakiruka na kutoa ndimi, lakini hapa walisimama mbalimbali kwenye nyasi, wana ndevu, mmoja kashikilia koti lake mbele ya tumbo.

"Huyu ameoa," nikasema.

Kazi ikawa kuisikiliza. Gramafoni pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kwetu, ya betri, na mwaka ule betri ziliadimika madukani. Nyumba nyingi za Kihesa zilikuwa na utaratibu mmoja: betri zikichoka kwenye redio, unazitoa, unazianika juani juu ya ungo, zinapata nguvu kidogo. Za kwetu nilizianika mimi, pembeni ya ulezi. Lakini ilikuwa Juni, na Iringa mwezi huo jua linatoka kwa kujivuta na ukungu hauishi hadi karibu na adhuhuri. Basi zile betri zilipata joto la kuku kwenye kiota, si zaidi. Tulikubaliana kwamba santuri za zamani zikae kabatini, nguvu yote tuliyoipata iende kwa hii mpya.

Ikaanza kuzunguka. Gitaa lilitoka zito, linaburuta miguu. Ngoma zilifuata kwa nafasi. Halafu yule mwimbaji, ambaye zamani alilia juu kama filimbi, akaingia na sauti nene ya mtu aliyekaa kizingitini jioni anawaza maisha yake. Tukausikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho.

"Wamezeeka," kiongozi akasema taratibu.

Tuliwahurumia kwelikweli. Mpiga ngoma alisema huenda ni baridi ya kwao, kifua. Mpiga besi akasema hapana, ni ndoa. Lakini tuliporudia tena upande ule ule, jambo likatokea pale sebuleni. Mume wangu, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, alianza kuufuata wimbo wa tatu kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti yake yote, na haikukatika popote. Wimbo ulimkaa. Hakulazimika kurefusha shingo wala kufumba macho. Kijana mwalimu alimwangalia akasema, "Kaka, hii ni ya kwako." Kiongozi akaniangalia mimi kwanza, kwa sababu aliniogopa, ndipo akasema: "Basi Mbeya ataimba huu. Wakiupokea, anabaki kwenye kipaza sauti. Wasipoupokea, tutafanya vile nilivyosema."

Walishusha nyuzi za magitaa zifuate santuri, wakafanya mazoezi ya mwendo ule wa pole. Mume wangu alianza kukagua mabucha huku akiimba. Mwenye bucha mmoja aliniuliza kama bwana afya amepandishwa cheo.

Safari ya Mbeya tulikwenda na lori, vyombo vimefunikwa turubai, sisi juu ya vyombo. Chimala tukashuka kula. Mchele wa Ubaruku ulikuwa unanukia tangu barabarani, na kila mmoja alikuwa na njaa, lakini mume wangu alikwenda kwanza jikoni kuangalia kama masufuria yamefunikwa. Mwenye hoteli akadhani ametumwa kutoka mkoani, akatuongezea nyama. Tulicheka mpaka Igawilo. Mimi nilicheka pia, ila kila nilipomwona anafunga shali shingoni kulinda koo, nilikatisha kicheko.

Ukumbi ulikuwa karibu na soko. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja muungwana, mfanyabiashara wa vyombo vya muziki ambaye wazazi wake walitoka pwani, mwenye kanzu safi na gramafoni kubwa ya umeme. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba na kutukaribisha chai ya tangawizi. Nje vijana wa Mbeya walikuwa wameshaanza kupanga mstari, na suruali zao, niseme haki, zilikuwa pana kuliko zangu.

"Nawawekea santuri wachangamke," mzee akasema. "Hii imefika majuzi, inawatia wazimu."

Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya moto. Gitaa lilikimbia, ngoma zilifukuzana, na juu ya yote mwimbaji alikuwa anapaa kama zamani, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Tuliipenda papo hapo. Kiongozi akauliza ni bendi gani hiyo mpya. Mzee akampa jalada. Nyasi zilikuwa zile zile, na yule mwenye tumbo alikuwa amesimama pale pale na koti lake.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hawakuwa wamezeeka hata kidogo. Walizeekea Kihesa tu, kwenye betri zangu nilizozianika juani pembeni ya ulezi, zilizoizungusha santuri kwa kujivuta.

Mpiga besi alianza kucheka, akashindwa kuacha. Kiongozi hakucheka. Watu walikuwa wanaingia, wanaijua santuri ile neno kwa neno, na sisi tulikuwa tumekuja na maiti yake. Akamgeukia kijana mwalimu. "Utaimba wewe. Kama hivyo, juu, haraka."

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya sanduku la amplifaya. Alianza kufungua shali yake polepole, akaikunja vizuri, akaiweka magotini. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

"Shemeji," nikasema, "mwimbaji umempata. Hizo mbio je, umezifanyia mazoezi wapi? Mpiga ngoma wako anazijua? Wewe mwenyewe vidole vyako vinazijua?"

"Shemeji, usiingilie."

"Naingilia. Mmejifunza wimbo mmoja tu kwa mwezi mzima, na ni huo wa pole. Nendeni mkaharakishe mnavyotaka, mtaanguka wote wanne mbele za watu, halafu mtasema ni koo la mume wangu."

Kijana akaondoa ubishi. "Mimi siimbi," alisema, na aliinamisha kichwa kwa adabu. "Ninaoujua ni ule wa kaka. Nikijaribu huu nitaharibu."

Kiongozi aliangalia mlango, akaangalia gitaa lake, akapanda jukwaani. Wenzake wakamfuata.

Gitaa lilipoanza, vijana waliutambua wimbo wakapiga makofi. Halafu wakangoja ukimbie. Haukukimbia. Kicheko kilianzia nyuma, mmoja akapaza sauti, "Msukumeni huyo, hajawaka." Wengine wakaangua kicheko zaidi. Mume wangu hakugeuza kipaza sauti kwa mtu yeyote. Alikishika kwa mikono miwili, akaimba kwa sauti yake nene ya mtu mwenye watoto na baiskeli na mabucha ya kukagua, na kwa mara ya kwanza nilihisi ninayaelewa maneno, ingawa Kiingereza changu kilikuwa kile kile.

Nadhani ni wasichana walioanza. Mbio za santuri zilikuwa zinamfanya kila mtu aruke peke yake, akitazama viatu vyake vya raizoni vyenye soli nene. Mwendo huu ulikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Mmoja akamshika mwenzake mkono, halafu wengine, na ukumbi ukaanza kuyumba taratibu. Waliokuwa wanacheka walijikuta hawana wa kucheka naye. Wimbo ulipokwisha wakaanza kugonga sakafu kwa viatu, wakitaka tena. Yule mzee mwenyeji alisimama mlangoni, mkono kifuani, akitikisa kichwa kwa raha.

Kiongozi alimsogelea mume wangu jukwaani. Niliyaona maneno kwenye midomo yake: kipaza sauti ni chako, kaka. Nilitaka kulia, na nikalia kidogo.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Wakaanza upya. Akaimba ubeti wa kwanza, halafu akamwita kijana mwalimu, akamkabidhi kipaza sauti, akamwonyesha kwa kiganja mwendo wa kwenda nao, pole, pole. Kisha akashuka zile ngazi za mbao. Watu walimpisha wakidhani anakwenda kunywa maji. Alinijia mimi.

Mke wa mwimbaji hachezi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: mume yuko juu, na wewe ukicheza na mwingine ni maneno mji mzima. Tangu tuoane nilikuwa nimekaa kwenye viti vya pembeni vya kila ukumbi wa Iringa, na makoti ya watu mapajani, nikitikisa mguu mmoja.

"Simama, mama watoto," akasema. "Nimechoka kukuona kwa mbali."

Nikasimama. Akanishika kiuno, na hatua ya kwanza akanikanyaga, ya pili akanikanyaga tena. Bwana afya hakujua kucheza hata kidogo. Miaka yote ile alikuwa jukwaani, nani angegundua? Nikamwambia atulie pale pale aendelee kunishika, mimi nitamzunguka.