Kadi Iliyolala Nyuma ya Redio

Kabla ya kibodi ile kufika Kasulu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kunisikiliza. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Tanga, nimeajiriwa na shirika dogo kutunza kumbukumbu za ghala la dawa, na muda mwingi nilikuwa nikilalamika: baridi ya asubuhi, vumbi jekundu kwenye kola ya shati, maharage kila siku. Wenzangu walinivumilia. Mimi niliona wanachelewa kunitambua.

Kibodi ililetwa kwa basi, ndani ya boksi, mwaka 2013. Ilikuwa nzito kuliko kibodi za kawaida. Upande wa juu ilikuwa na mfereji mwembamba wa kupitishia kadi, zile zenye utepe mweusi mgongoni, na pembeni ilikuwa na kidirisha chenye mwanga mwekundu cha kusomea bakodi, yaani ile mistari myeusi inayochapwa kwenye maboksi ya dawa. Utaratibu ulikuwa huu: mtumishi anapitisha kadi yake, jina lake linatokea kwenye kompyuta, kisha anasogeza boksi kwenye kidirisha, mashine inalia "ti!" na namba ya dawa inajiandika. Bila kadi, kompyuta haifunguki kwako, na siku hiyo unahesabika hukuja kazini.

Kazi ya kuifunga nilipewa mimi kwa sababu niliwahi kuhudhuria mafunzo ya wiki moja Morogoro. Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Kila niliposoma boksi, namba zilikwenda kujiandika popote kilipo kishale cha kuandikia, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha wazi barua yangu ya kuomba likizo, barua ile ikajaa namba za dawa za malaria. Niliichomoa, nikaichomeka, nikaibinua na kuitikisa. Mwishowe nikagundua kwamba kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa zenye bakodi zake, za kuifundisha kibodi yenyewe: soma mistari hii kuanza, soma hii ili ishuke mstari baada ya kila namba, soma hii kumaliza. Nikazijaribu moja moja hadi ikatii. Mkuu wa ghala akaja, akasimama nyuma yangu mikono mfukoni.

"Kitabu umekisoma chote?"

"Chote, mkuu."

Nilikuwa nimesoma kurasa nne. Kilikuwa kinene, cha Kiingereza tupu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujibia mtihani. Ningeweza kumwomba daktari mmoja anisaidie, lakini ningeonekanaje? Nikakifungia kwenye droo.

Kesho yake niligawa kadi. Tulikuwa watumishi saba, na wa mwisho kuitwa alikuwa mama mmoja wa makamo, mpangaji wa maboksi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wazazi wake walikimbia Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Yeye alikulia huku, akaolewa huku, akafiwa na mume huku, na karatasi za uraia alikuwa amezipata baada ya kungoja miaka mingi. Kwao ni kijijini Kitanga, ila siku za kazi alipanga chumba mjini. Alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Nikifika mimi na macho ya usingizi, tayari ameshafagia, na ananiamkia yeye mkubwa kabla sijamwamkia mimi mdogo: "Mwakeye, mwana wanje," yaani umeamkaje, mwanangu.

Alipopitisha kadi yake na jina lake likatokea, herufi kubwa, majina yote matatu, aliinama akalitazama.

"Limekuja lenyewe?"

"Lenyewe, mama. Limo humo kwenye utepe."

"Hebu tena."

Akapitisha tena, akacheka huku amefunika mdomo. Ningekuwa na akili ningeliweka jambo lile moyoni. Badala yake nilisimama mbele yao wote nikatoa hotuba. Nikasema kadi hizi zimetoka Dar es Salaam, si za kuchezea; mtu aitunze kama mboni ya jicho, asiiloweshe, asiikunje, wala asiiache ovyo watoto wakaikuta. Yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Wengine walishatia kadi mifukoni na kuondoka.

Siku ya tatu kadi yake ikagoma. Alipitisha polepole, kwa haraka, akaifuta kwa kitenge, akapitisha. Kimya. Nikaichukua, nikapitisha mimi, kwa ule mkono wa mtu anayejua. Kimya. Kadi za akiba zilikuwepo, nikampa nyingine na kuiandikisha kwa jina lake. Akashukuru mno. Baada ya siku mbili na hiyo ikafa.

Kadi za wengine sita zilikuwa nzima, pamoja na ya mlinzi aliyekuwa akiitumia kukwangulia matope kwenye kiatu. Hapo hasira zikanipanda. Makao makuu walikuwa wameanza kupiga simu kuuliza mbona Kasulu kuna mtumishi haonekani kwenye mahudhurio, na kila simu niliisikia kama swali moja tu: wewe mtaalamu unajua unachofanya?

"Mama, kadi unaifanyaje?" nilimwuliza mbele ya watu.

"Siifanyi kitu, baba. Nikifika nyumbani naiweka. Asubuhi naitoa, nakuja."

"Unaiweka wapi?"

"Kwenye redio. Nyuma, pale pa kufungua. Karatasi zetu zote za maana zinalala mule."

Benki gani tena hiyo, nikasema, na wenzangu wakacheka. Yeye hakukasirika. Akanieleza kwa utulivu, kama anayemweleza mgeni, kwamba kwa wazazi wake ndivyo ilivyokuwa. Ukisikia kelele unabeba watoto na redio, maana bila redio hujui ukimbilie wapi. Sasa karatasi zikiwa ndani ya redio, hata ukichanganyikiwa huzisahau. Cheti cha ubatizo wa mama yake kilivuka mpaka hivyo. Yeye alizoea hivyo, na watoto wake amewafundisha hivyo.

"Sasa leo unakimbia kwenda wapi, mama?" nikamwuliza.

Watu wakacheka zaidi. Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akaangalia chini. Alikuwa ameshanijibu. Jibu zima la tatizo langu alinipa bure, kwa Kiswahili chepesi, na mimi nikaligeuza mzaha.

Kadi ya tatu sikumpa. Kwa wiki tatu alikuwa akija kabla ya wote, akifagia na kupanga maboksi, na kompyuta ikiandika kwamba hakuja. Nilijua alikuja. Nilikuwa namwona. Makao makuu walipotaka maelezo kwa maandishi, nilikuwa na sentensi mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa: sijui kwa nini kadi zake zinakufa. Sikuiandika, kwa sababu sikutaka kuonekana sijui. Niliandika kwamba mtumishi huyu huharibu kadi kwa makusudi ili muda wake wa kufika usionekane. Nikaisoma mara mbili nikaona imekaa kitaalamu. Nikaituma.

Kuna waliosema pembeni kwamba Warundi ndivyo walivyo, hawapendi kuandikwa. Sikusema neno hilo. Sikulikanusha pia, na leo sioni tofauti kubwa.

Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Hakuambiwa sababu, ila mkuu wa ghala alimwambia aongee na mimi. Alikuja akiwa amekunja aproni ya kazi, ameifua na kuipiga pasi. Akaniuliza kama kuna kosa alilofanya, ajirekebishe. Nikamwambia ni mambo ya mfumo. Lile neno "mfumo" lilinisaidia sana miaka ile. Akatoa kadi yake iliyokufa kunirudishia.

"Kaa nayo tu, mama. Haina kazi."

Akaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kibondo kufunga kibodi nyingine ya aina ileile, kwenye ghala lililohudumia vijiji vya upande wa Mabamba. Sasa nilikuwa mzoefu, nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilipanga chumba, nikanunua godoro, na kwa mshahara wa kwanza nikanunua kitu ambacho kijana wa umri wangu hakosi: sabufa, kubwa, la kutikisa dirisha. Nikirudi kazini nilikuwa navua shati na kuweka vitu vyangu vya mfukoni juu ya sabufa, kwa kuwa meza sikuwa nayo.

Jumatatu moja asubuhi nikapitisha kadi yangu. Kimya. Nikaifuta kwenye suruali, nikapitisha. Kimya. Nikafungua droo, nikachukua kadi ya akiba, nikajiandikishia. Kazi ya dakika tano, na hakuna aliyeniuliza naifanyaje kadi yangu. Alhamisi na hiyo ikafa.

Safari hii nilitoa kitabu kilichokuja na kibodi. Nilikisoma kwa kamusi ya simu, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikafika mahali palipochorwa sumaku imepigwa mstari, na chini yake maneno machache ambayo hata Kiingereza changu cha mtihani kiliyaelewa. Usiweke kadi karibu na sumaku. Spika zina sumaku. Utepe unafutika.

Nilikaa kwenye kiti nikajisikia joto la uso, peke yangu ofisini. Nikaliona sabufa langu. Halafu nikaiona redio ambayo sijawahi kuiona, na mkono wa yule mama ukiingiza kadi kwa uangalifu nyuma ya spika, kila jioni, kwa sababu mimi nilimwambia aitunze kama mboni ya jicho. Kama angeitupa mezani kama wengine, angekuwa kazini hadi leo.

Ningependa kusema niliandika barua makao makuu siku ileile. Sikuandika. Nilijiambia nitakwenda kwanza kumwona yeye, na kwenda kwenyewe nikakuahirisha miezi. Nilipotumwa Kasulu kwa kazi nyingine, nilikosa kisingizio. Nikachukua bodaboda hadi Kitanga, na njia nzima nikapanga maneno: Mama, lile lilikuwa kosa langu. Niliandika uongo juu yako. Maneno yenyewe hayakuwa mengi.

Alikuwa akianika mihogo. Alinitambua kabla sijavua kofia, akapiga makofi kwa furaha, akanifutia kigoda. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Ndani redio ilikuwa ikiongea Kirundi kwa sauti ndogo. Aliniuliza habari za kila mtu ghalani, hadi za mlinzi na kiatu chake, na akaniletea ugali na maharage, yale maharage niliyokuwa nikiyalalamikia. Nikala. Nikanawa mikono.

"Nilijua ipo siku mtakuja," akasema.

Akaingia ndani. Redio ikazimwa. Akatoka nayo mikononi, ya mbao, kubwa, akafungua mfuniko wa nyuma kwa kisu cha meza. Akatoa bahasha ya karatasi za uraia, cheti cha kifo cha mumewe, na ile kadi niliyomwachia. Ilikuwa ndani ya nailoni, inang'aa kama siku niliyompa.

"Haijaguswa na maji. Nilisema wakitengeneza huo mfumo wataihitaji."

Ndipo nikaanza kusema. Nikaanzia pabaya. Nilianza na sumaku. Nikamwonyesha kile chuma cha duara nyuma ya spika, nikamwambia hiki ndicho kilichofuta jina lako kwenye utepe, kadi zote mbili. Nilikusudia kumalizia na sehemu yangu. Lakini alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

"Yooo! Kumbe ni mimi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema hapana.

"Kumbe ni mimi niliyeziharibu," akasema, "na wewe ukahangaika na mimi, ukanipa na ya pili. Nikakutia aibu mbele ya wakubwa wako. Nisamehe, mwana wanje."

Alikuwa na machozi kweli. Nilimtazama mtu niliyemnyang'anya kazi akiniomba radhi, nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa upole kabisa, "Usijali, mama. Yameisha."

Alifarijika, na uso wake ukanyooka. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kuku jike, mwekundu, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili kwa kosa alilonikosea. Kumkataa kungekuwa tusi, hilo ndilo nililojiambia. Nikampokea. Akanisindikiza hadi barabarani, na kadi akairudisha kwenye nailoni yake, maana sikuwa na ujasiri wa kuiomba.

Kuku nilimpakata mapajani hadi Kasulu. Alikuwa na joto, na moyo wake ulikuwa ukidunda kwenye kiganja changu. Dereva wa bodaboda akageuza kichwa kidogo.

"Kuku mzuri huyo. Umemfanyia nini mama wa watu?"

"Nimemtengenezea redio," nikasema.

"Kumbe wewe fundi?"

"Eeh," nikamjibu.