Bata Weusi wa Kivinje

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kilwa Kivinje miaka ile ya ruksa mtanishuhudia, mtoto wa kike alikuwa na shule mbili: ya asubuhi, ya ubao na fimbo, na ya mchana, ya mikokoni. Maji yakitoka tu tunatupa madaftari, tunajifunga kanga kiunoni na kuingia kwenye tope hadi magotini kuokota tondo, wale konokono wa mikokoni. Tope lile lilikuwa vuguvugu, linanuka chumvi na mayai viza, na sisi hatukuona ubaya wake. Jioni mama huwachemsha tondo, akawaunga nazi, na kila mmoja wetu akapewa mwiba wa mlimau wa kuchokolea. Mtoto wa leo ukimpa tondo anakuuliza sosi iko wapi.

Ndiyo miaka maduka yalipojaa vitu ghafla. Juzi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, mara tukaletewa sabuni ya unga inayonukia limau. Baba alimletea mama pakiti moja kutoka Dar es Salaam. Mama hakuifulia hata leso. Aliiweka sandukuni katikati ya kanga zake, ikawa ya kunusisha wageni.

Fahari yake nyingine ilikuwa bata sita weupe. Jirani yetu Bi Zuhura naye alikuwa na sita, wa madoa ya kahawia. Asubuhi walitoka wote kwenda mikokoni, jioni kila mmoja akarudi kwao.

Basi siku moja tuliamka tukakuta pwani nzima nyeusi. Meli iliyopita mbali, hata jina lake hatukulijua, ilimwaga mafuta, na maji kujaa yakayaleta hadi kwenye mizizi ya mikoko. Mazito, yananata, yananuka kama gereji. Watu husema umepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi tulipakwa kwa meli nzima.

Jioni bata wakarudi kumi, wote weusi tii. Wawili hawakurudi.

"Hao sita ni wangu," mama akasema. "Waliopotea ni wako, shoga."

"Wangu mimi nawajua kwa mwendo, Mama Rehema!" Bi Zuhura akajibu. "Wako wanatembea kama wanadai mahari."

Wakaenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Matimbwa, mtu aliyependa kesi kuliko chakula. Akaamua: "Waacheni wenyewe. Bata anajua kwao." Tukasimama mtaa mzima kutazama. Bata wakajikung'uta, wakatazama huku, wakatazama kule, kisha wote kumi wakajipanga mstari na kuingia uani kwa Mzee Matimbwa, ambako mkewe alikuwa amemwaga pumba.

Mzee akakohoa. "Kesi ngumu hii," akasema.

Ikabaki kuwaosha, rangi zao zionekane. Tulijaribu maji ya chumvi, tukajaribu majivu, mafuta hayakubanduka. Mwisho mama akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na ile pakiti. Aliipasua bila kumtazama mtu. Akawa anasugua yeye, Bi Zuhura anamwaga maji, mimi nashika miguu, nikapigwa mabawa ya uso mpaka nikanuka limau wiki nzima. Rangi zikatokea: weupe watano, wa madoa watano. Wale mashoga wawili wakatazamana, wakacheka hadi wakakaa chini.

Kicheko hakikudumu. Bata walikuwa wameyameza yale mafuta walipojisafisha kwa midomo, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kula. Siku ya nne akabaki jike mmoja tu, wa madoa. Mama alifagia banda tupu kila asubuhi kama kawaida. Yule jike alipotaga, Bi Zuhura akaja na mayai saba ndani ya ungo. "Tafuta kuku wa kuyaatamia," akasema, "uani kwako kumekuwa kimya mno."

Lakini bahari haina kuku wa kuiatamia. Mikoko ya mbele ilikauka, tondo wakafa magambani. Akaja bwana mmoja kutoka mjini, akajaza chupa maji yale na kutuambia tusile kitu cha baharini mpaka majibu yatoke. Majibu hayo bado tunayangoja. Zaidi ya mwaka mzima tulikula kisamvu, na nikinuna mama ananiambia, "Kula, mwanangu. Bahari inaumwa."

Siku hizi jambo kama lile lingetokea, vijana wangelijua jina la meli kabla ya chai ya saa nne na kuirusha mitandaoni. Ila bata wa jirani, vijana hao wasingewatambua hata wakiwa weupe.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Kivinje. Mikoko imeota tena, myembamba, na tondo wapo, wachache. Alivaa mabuti ya mpira, masikini, tope asilijue. Nilichimba kwa kidole chini ya mzizi mmoja wa zamani, nikamnusisha. Akarudisha kichwa nyuma: bado gereji.

"Nani aliyamwaga, mama?"

Nikamwambia simjui. Alikuwa anapita tu.