Katuni zangu za watu wazima zilivyonitoa kwaya, Ikutha

Wakuu, mko poa? Jina langu hapa ni la bandia, lakini hii story sijaitia chumvi.

Nilikuwa Gulf miaka kadhaa, kazi za nyumbani. Nililala chumba kimoja na dada wa Sri Lanka. Kila akipumzika, anacheka na simu peke yake. Siku moja akanionyesha: katuni za watu wazima, kwa Kisinhala, lugha ya kwao. Akawa ananitafsiria.

Aliniambia kwao zinasambaa kichinichini. Mchoraji haweki jina. Hakuna anayekubali amezisoma, lakini utani wake utausikia sokoni na hata kwa harusi.

Nyingi ni uchafu tu, tusidanganyane. Lakini kulikuwa na moja ya mke na mume wasiojua kuongea chumbani mwao. Hiyo ilinikaa.

Niliporudi nikaanza kuchora zangu kwa simu. Mke wa huku Ukambani, mume anafanya kazi Mombasa. Akija mwisho wa mwezi anakula, anamaliza haja zake, anakoroma. Siku moja mke anamwambia, "Leo hulali mpaka tuongee."

Wakaongea, wakuu! Mengine siandiki, mods watanifungia.

Nikazituma WhatsApp bila jina. Zikafika hadi mji wa Kambu, zikarudi. Kwa mazoezi ya kwaya akina mama wanaambiana "leo hulali!" na kucheka mpaka machozi. Mimi kimya, nafurahi sana.

Sura nilizificha vizuri. Shida ni kwamba kwa ukuta wa nyumba ya huyo mke nilichora kiondo kimetundikwa, kile kikapu chetu cha kusuka.

Huku kwetu kila mama ana mkono wake wa kusuka. Ukiona mapambo ya kiondo unajua ni cha nani. Mimi nilichora yangu bila hata kufikiria.

Mwenyekiti wa akina mama akazoom. Baada ya ibada akaniita, mama mkwe wangu akiwa hapo hapo.

"Mama Mwende, hii kiondo ni ya nani?"

"Ni yangu. Na picha pia ni zangu."

"Basi Jumapili utasimama mbele utubu, na ufute zote. Ama uwache kwaya."

Kwaya ndiyo furaha yangu, wakuu. Mimi ndiye huanzisha nyimbo.

Lakini nikafikiria vile wale wanawake walikuwa wanacheka. Nikamwambia, "Dhambi nikiiona nitatubu. Hii siioni. Sifuti." Nikamrudishia yunifomu ya kwaya.

Tukaenda nyumbani na mama mkwe, ambaye namwita Mwaitu. Niliogopa, maana naishi kwa boma lake.

Tukifika kwa geti akasimama.

"Nimezaa watoto hawa wote, na baba yenu hajawahi kuniuliza kama nimefurahi. Hata siku moja."

"Huyo mke unayemchora bado ana meno yote," akasema. "Chora mwenye mvi."

Nilichojifunza: wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumezaa, na bado tunaficha.

Jumapili nilikaa viti vya nyuma, wimbo ukaanzishwa na mwingine. Inauma, sitadanganya. Lakini mwenye mvi tayari ana ukurasa wa kwanza.

Wenye ndoa humu, nyinyi huwa mnaongea? Shusheni comments, hata mkitaka kunikemea. Kufuta sifuti.